Skuna iliyofungua mji wa Melbourne ilikufa wapi?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, huu ni mwaka wangu wa pili wa masomo Melbourne. Kila tarehe 30 Agosti watu wa hapa husherehekea kuzaliwa kwa mji wao, na husemwa kwamba yote yalianza na skuna moja, chombo cha tanga, iitwayo Enterprize. Nimeiona majini, nikalipa nikaipanda, lakini ni mpya kabisa. Nilipouliza ile ya asili iko wapi, kijana mmoja wa kazi akaniambia, "Ilivunjika huko kaskazini," akaendelea na kamba zake. Ilikuwa chombo cha namna gani, ilifanya kazi gani, na ilikufaje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kijana hakukudanganya, ila alikupa mwisho wa habari akakunyima habari yenyewe. Uliyoipanda ni Enterprize ya pili, iliyoundwa kwa kumbukumbu ya ile ya kwanza na kushuliwa Melbourne tarehe 30 Agosti 1997. Ya kwanza ilijengwa Hobart, katika kisiwa ambacho Waingereza walikiita Van Diemen's Land na ambacho leo ni Tasmania. Ilianza kazi 1830, ikavunjika 1847 kwenye mlango wa mto Richmond, kiasi cha kilomita 600 kaskazini mwa Sydney, na watu wawili wakapoteza maisha. Umri wake wote ulikuwa miaka 17. Melbourne wanaukumbuka mwezi mmoja tu katika miaka hiyo, nao ni haki yao. Lakini nimefundisha habari za vyombo vya tanga miaka mingi, na ninaumia kila ninapoona chombo cha kazi kikikumbukwa kwa siku moja ya sherehe na kusahauliwa kwa maelfu ya siku za jasho.

Nianze na chombo chenyewe, kwa sababu wewe mtu wa Tanga utanielewa haraka. Jahazi letu lina tanga la pembe tatu linaloning'inia kwenye foromali, ule mti mrefu wa kushikia tanga. Nahodha akitaka kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo akipinda huku na huku, kila akigeuka inabidi foromali ihamishwe kutoka upande mmoja wa mlingoti hadi mwingine. Ni kazi nzito, inataka mikono mingi, na katika upepo mkali inatisha. Skuna ina milingoti miwili au zaidi, na matanga yake makubwa yana pande nne: upande wa mbele umefungwa kwenye mlingoti, juu kuna mti, chini kuna mti. Chombo kikigeuka, tanga linavuka lenyewe kama mlango unaozunguka kwenye bawaba zake. Baharia mmoja analegeza demani, kamba ya kuongozea tanga, mwingine anaikaza upande wa pili, safari inaendelea. Juu ya mlingoti wake wa mbele Enterprize ilikuwa pia na matanga ya mraba, ya kutumia pale upepo unapokuja kutoka nyuma.

Kwa tajiri mwenye chombo, hesabu ilikuwa rahisi: mabaharia wachache, mishahara michache, na bado chombo kinapanda upepo vizuri. Ndiyo sababu pwani zote za makoloni ya Uingereza huko kusini zilijaa skuna.

Utasoma kwamba Enterprize ilikuwa ya tani 55. Usidhani hizo ni tani za uzito wa mzigo. Siku zile Waingereza walipima urefu na upana wa chombo kwa futi, wakazidisha, wakagawa kwa 94, na jawabu wakaliita tani. Ni kipimo cha ukubwa wa tumbo. Kwa macho ya mtu wa pwani yetu, ilikuwa chombo cha kadiri ya jahazi kubwa. Na jambo ambalo nataka ulishike tangu sasa, maana litarudi mara mbili: haikuzama sana ndani ya maji. Iliweza kuingia mahali ambapo merikebu kubwa ingebaki nje imetia nanga, ikisubiri mashua.

Kazi yake ya kila siku ilikuwa kubeba makaa ya mawe, mifugo na mahitaji ya nyumbani kutoka bandari hadi bandari. Barabara za maana baina ya miji ile hazikuwapo, na Tasmania ni kisiwa, kwa hiyo unga, misumari, barua, kondoo, vyote vilipita baharini. Usiudharau mzigo wa kondoo. Hewa yao yote inapita kwenye mdomo wa ngama, yaani tumbo la chini la chombo. Bahari ikichafuka, mabaharia wanaufunga mdomo huo kwa mbao na turubai ili maji yasijaze chombo, na wanyama walio chini wanaanza kukosa pumzi. Nahodha anakuwa na uchaguzi mmoja mbaya na mwingine mbaya zaidi. Mlango Bahari wa Bass, unaotenga Tasmania na bara, ni mahali pa kufanya uchaguzi huo mara nyingi: upana wake ni kiasi cha kilomita 240, kina chake kwa wastani ni mita 60 hivi tu, na pepo za magharibi zinakuja kutoka bahari kuu bila kizuizi. Maji yasiyo na kina yakipigwa na upepo kama ule hayafanyi mawimbi marefu ya kukulea. Yanafanya mafupi yaliyosimama wima, na chombo kidogo kinakwenda mrama mchana na usiku.

Aprili 1835 ikanunuliwa na John Pascoe Fawkner wa Launceston. Mtu huyu anastahili aya yake. Baba yake alikuwa mfungwa aliyehamishwa kutoka Uingereza, na Fawkner alifika kusini 1803 akiwa mtoto, pamoja na kundi la wafungwa na walinzi lililojaribu kuweka makazi karibu na mdomo wa ghuba ya Port Phillip, ghuba hiyohiyo unayoiona kutoka Melbourne. Makazi yakashindwa baada ya miezi michache, wakahamia Hobart. Mwaka 1814 Fawkner, sasa kijana, akawasaidia wafungwa kujenga mashua ya kutorokea. Akakamatwa, akahukumiwa viboko 500 na miaka mitatu ya kazi ngumu. Baadaye akajiinua: akawa na hoteli Launceston, akaanzisha gazeti. Alipoinunua Enterprize alikuwa na miaka 42, na alitaka kurudi kwenye ghuba ile aliyoiona utotoni, akachukue ardhi.

Hakuwahi kufika nayo safari ya kwanza. Wadai walimkaba, akashushwa George Town, mdomoni mwa mto Tamar, chombo kikaondoka bila mwenyewe mapema Agosti 1835. Nahodha alikuwa Peter Hunter. Aliyemwakilisha Fawkner alikuwa Kapteni John Lancey. Walikuwamo mjenzi George Evans na mtumishi wake, maseremala wawili, mkulima wa kushika plau, mtumishi wa kazi zote, mhunzi James Gilbert na mkewe Mary. Mary alikuwa mwanamke pekee, na alikuwa mjamzito. Nakuomba umfikirie kidogo mama huyo katika Bahari ya Bass mwezi wa Agosti, ambao huko ni kipupwe, ndani ya chombo kinachonuka farasi na lami.

Walikwenda kwanza ghuba ya Western Port, hawakuipenda. Wakaingia Port Phillip katikati ya mwezi, wakaikagua pwani ya mashariki, hatimaye wakaupata mdomo wa Yarra. Hapa ndipo ule wepesi wa chombo ulipofanya kazi. Yarra ya leo imechimbwa na kunyooshwa miaka ya 1880. Ile ya 1835 ilipinda, ilikuwa nyembamba, na vichaka viliinama juu ya maji pande zote. Tanga halifai kitu ndani ya mto wa namna ile. Mabaharia hufanya hivi: mashua inatangulia na ncha ya kamba nene, mtu anashuka matopeni, anaifunga kwenye mti ulio mbele. Waliobaki sitahani wanaivuta kamba hiyo, hatua kwa hatua, chombo kinasogea mpaka kinakaribia mti. Kamba inafunguliwa, mashua inatangulia tena kutafuta mti mwingine. Mti baada ya mti, Enterprize ikakokotwa juu ya mto mpaka mahali ambapo leo inaishia barabara ya William.

Kwa nini hapo? Kwa sababu mbele kidogo, karibu na Queen Street ya leo, palikuwa na mwamba uliokatisha mto. Chini ya mwamba maji ya chumvi yaliingia na kutoka na bahari. Juu yake yalikuwa maji matamu. Chombo kingeweza kufungwa kwenye ukingo na watu wakateka maji ya kunywa hatua chache tu kutoka hapo. Mwamba ule uliondolewa karne hiyohiyo, wahandisi walipoutengeneza mto, kwa hiyo ukiutafuta hutauona. Tarehe 30 Agosti watu wa Enterprize wakashuka, wakaanza kujenga ghala na kufyeka bustani ya mboga. Ndiyo siku unayoisikia ikisherehekewa.

Sherehe hiyo ina upande wa pili, na sitakuwa mwalimu wako nikikuficha. Ardhi ile ilikuwa na wenyewe. Ni nchi ya Wawurundjeri na Waboonwurrung, katika watu wa Kulin, na mwamba ule wa mto ulikuwa kivuko chao tangu zamani. Juni ya mwaka huo John Batman, mshindani wa Fawkner, alidai amefanya nao mkataba wa kununua nchi yao kwa blanketi, visu na unga. Gavana Bourke wa Sydney akaufuta kwa tangazo la tarehe 26 Agosti: ardhi yote, alisema, ni ya Mfalme, na yeyote anayekaa humo bila idhini ni mvamizi. Tazama tarehe hizo. Siku nne baada ya tangazo kutiwa saini, watu wa Enterprize wakashuka. Habari haikuwa imewafikia, lakini kwa sheria ya serikali yao wenyewe walikuwa wavamizi, na kwa wenye nchi walikuwa hivyo bila kuhitaji tangazo la mtu. Hata hivyo kiongozi mmoja wa Kiboonwurrung, Derrimut, ndiye aliyewaonya miezi michache baadaye kwamba shambulio linakuja. Wakaokoka. Wenye nchi ndani ya miaka michache wakapungua kwa maradhi na kwa kufukuzwa, na Derrimut aliishi akiyaona hayo mpaka 1864.

Fawkner mwenyewe alifika Oktoba 1835, katika safari ya pili ya skuna yake. Mji ukapewa jina la Melbourne 1837, jina la waziri mkuu wa Uingereza. Na Enterprize? Ikarudi kwenye mzigo. Hakuna aliyewaza kuihifadhi. Chombo kilikuwa na miaka mitano tu na bado kilikuwa kinaleta pesa.

Sasa Richmond. Mto huu uliwekwa kwenye ramani za Waingereza 1828 na Kapteni Henry John Rous wa manowari Rainbow. Ni nchi ya watu wa Bundjalung. Kuanzia 1842 wakaingia wakataji wa mbao, na walichofuata ni mti mmoja: ule ambao Waingereza waliuita mwerezi mwekundu. Jina linapotosha, maana si mwerezi hata kidogo. Ni jamii moja na mkangazi na mwarobaini wetu. Mbao zake ni nyekundu, laini kwa randa, nyepesi, haziliwi na wadudu kirahisi, na Sydney ilizitaka kwa milango, makabati na vitanda. Magogo yalikatwa ndani ya msitu, yakapigwa alama ya mwenyewe kwenye ncha, yakasubiri mafuriko yayasukume mtoni. Chini, karibu na Ballina ya leo, yakapasuliwa au kufungwa na kupakiwa kwenye skuna. Si merikebu: skuna. Kwa sababu mto Richmond ulikuwa na mlinzi wake mdomoni, fungu la mchanga.

Fungu la mdomo wa mto nimelipitia mwenyewe katika mashua, kwetu Pangani, nikiwa kijana, na bado ninaikumbuka namna mazungumzo yalivyokatika sisi sote kwa pamoja tulipolikaribia. Mto unashuka na mchanga wake. Bahari inausukuma mchanga huohuo nyuma. Vinapokutana unajikusanya, na unahama: mkondo uliopita mwezi uliopita leo umeziba, mwingine umefunguka mita mia kusini. Chati haisaidii. Kibaya zaidi ni maji yanapokupwa. Mkondo wa mto unatoka kwa nguvu na kukutana na wimbi la bahari kuu linaloingia, na wimbi lile linasimama, linakuwa ukuta, linavunjika. Kwa hiyo nahodha anasubiri nje mpaka maji yakaribie kujaa kabisa, anaomba upepo wa kumtosha, anaelekeza omo, yaani mbele ya chombo, kwenye sehemu ambayo povu ni haba, anakwenda.

Chombo cha tanga kina udhaifu mmoja hapo ambao cha injini hakina. Usukani haufanyi kazi chombo kikisimama. Unataka maji yapite pembeni yake. Katika bonde baina ya mawimbi mawili, mawimbi yenyewe yanakinga upepo, matanga yanalegea, mwendo unakufa. Na ni katika bonde hilohilo maji yanakuwa machache kuliko popote, ndipo mkuku, mti wa chini kabisa wa chombo, unapogonga mchanga. Mara moja tu. Chombo kinashtuka, tezi, yaani nyuma yake, inabebwa na wimbi linalofuata, kinageuka ubavu. Wahenga wa pwani walisema chombo cha kuzama hakina usukani. Juu ya fungu, maneno hayo ni ukweli mtupu usio na fumbo. Wimbi la tatu linapita juu ya sitaha lote. Mlingoti wa mbele kwa kawaida ndio unaotangulia kuanguka. Nanga ikitupwa haishiki, inalima mchanga tu. Na maji yakianza kupwa, chombo kinapwelewa, kinakwama mchangani pale pale, huku kila wimbi likikiinua shubiri mbili na kukibwaga. Hakuna mataruma, mbavu za chombo, yanayostahimili kubwagwa hivyo kwa saa sita.

Juu ya fungu kama hilo, 1847, Enterprize ikaisha. Wawili hawakufika nchi kavu. Wepesi uleule ulioipandisha Yarra, mti baada ya mti, ndio uliofanya ipelekwe milango ya mito kama Richmond, mahali ambapo chombo kikubwa kisingethubutu. Haikuwa bahati mbaya ya ajabu. Vyombo vingi vilivunjika milango ile ya pwani ya kaskazini kabla ya kuta za mawe kujengwa kuubana mkondo wa Richmond, na wenye mali walikubali hasara hiyo kwa sababu mbao zililipa. Mabaharia nao walikubali kwa sababu ndiyo kazi iliyokuwapo.

Umeuliza iko wapi. Skuna ya mbao ikivunjikia kwenye mawimbi haizami ikakaa chini nzima kama merikebu ya hadithi. Inatawanyika. Mbao zinatupwa ufukweni na kuchukuliwa na watu kwa ujenzi na kuni. Kamba, matanga, minyororo na vyuma, kila kinachookoleka, huuzwa. Kilichobaki chini ya maji kinaliwa na wale wadudu wa baharini wanaotoboa mbao, ambao fundi yeyote wa Tanga anawachukia kwa jina, na mchanga unafunika misumari. Kwa hiyo usitegemee kuiona. Ukifika Ballina siku moja, panda mahali pa juu karibu na mlango wa mto wakati maji yanapokupwa na upepo unatoka baharini, uangalie kati ya kuta zile za mawe. Hata leo, pamoja na kuta, wenye boti za uvuvi wanapaogopa.

Na hapo Melbourne ulipo, nenda bustani ndogo iitwayo Enterprize Park, ukingoni mwa Yarra karibu na mwisho wa William Street. Kisha ukaipande tena ile ya pili. Matanga yake yameshonwa kwa kitani, na kamba ni za katani ya mmea wa jamii ya bangi, si mkonge wetu. Mwenzako yule kijana hakuwa na muda wa kukueleza kwa sababu kamba za namna hiyo zikilowa zinakaza, zikikauka zinalegea, na mtu wa zamu hana raha nazo kutwa nzima. Mwombe akuruhusu uvute demani moja wakati wa kugeuka. Utaona inavyowezekana watu wachache kuendesha chombo kile. Ukimaliza niandikie, uniambie mikono ilikuuma kiasi gani.